Kijiji Kilichoomba Kukatiwa Umeme

Kaeni sawa, na anayepukuchua mahindi aendelee kupukuchua, masikio hayahitaji mikono. Habari hii si ya hapa kwetu. Hapa kwetu mambo haya hayapo na hayajawahi kuwepo, na mtu akija kuwauliza semeni hivyohivyo. Ni ya nchi moja iko huko, ukishapanda milima ukashuka ukapanda tena, nchi yenye watu wapole, wanaopenda sana kupiga makofi, na serikali yao inawapenda mpaka inawatungia sheria hata siku za sikukuu.

Basi katika nchi hiyo, kijiji cha Mwagamba, alikuwepo mzee mmoja jina lake Shembilu. Shule alifika darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nusu alilisomea dirishani. Lakini alikuwa na mashine ya kusaga, na mwenye mashine ya kusaga haulizwi darasa.

Ilikuwa mashine ya dizeli, ya kuzungusha hendeli kwa mkono. Aliinunua zamani kwa maksai wake wanne, na waliowaona wale maksai wanasema walikuwa wazuri kuliko mashine. Ikitaka kuwaka inakohoa mara tatu, inatema moshi mweusi, halafu inanguruma, na ikinguruma kijiji kizima kinajua leo kuna ugali. Hakukuwa na nyingine karibu. Kila asubuhi, kabla hajasema na binadamu yeyote, Shembilu alikuwa anaipitishia kitambaa na kuisemesha polepole. Mkewe, Bi Namvua, alikuwa anaiita mke mwenzangu.

"Nenda kamsalimie bi mdogo kwanza," anamwambia. "Mimi mkubwa nimeshazoea kusubiri."

"Mama Kiluwa, usimwonee. Ana kifua yule."

"Ana kifua na ana moshi. Mimi ningetema moshi ungeshanirudisha kwetu."

Ndivyo walivyokuwa wanaishi, vizuri tu.

Sasa siku moja Bunge la nchi ile lilikaa likaona kwamba wananchi wako gizani. Liliona hivyo kwa sababu taa za bungeni zilizimika katikati ya kikao, na waheshimiwa wawili wakatoka kwa mlango mmoja wakakwama. Walipochomolewa wakasema jambo hili haliwezi kuachwa. Wakatunga Sheria ya Mwanga kwa Wote na Mambo Mengine Yanayofanana na Mwanga. Na wizara wakaibadilisha jina, ikawa Wizara ya Nishati na Matumaini. Nishati ilipewa chumba kimoja, Matumaini ikapewa ghorofa tatu.

Lakini nchi ile ilikuwa na utaratibu. Sheria haipiti mpaka wananchi watoe maoni. Kwa hiyo gari likaja Mwagamba kumchukua Shembilu, likasema yeye ni mdau wa nishati.

Shembilu hakumjua mdau ni mtu gani. Akauliza, "Hao wadau wanafungwa au wanalipwa?"

"Wanapewa kofia, mzee," dereva akasema.

Akapanda.

Kofia yenyewe ilikuwa nyeupe, na mbele imeandikwa maneno. Hakuweza kuyasoma, ila aliyaona yamekaa vizuri. Akapewa na soda, akapewa na kiti chenye egemeo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mtu aliyezoea kigoda ukimpa egemeo anaanza kujiona.

Mheshimiwa Waziri akasimama. Alikuwa na sauti nene kama anasemea mtungini. "Ndugu wadau! Serikali yenu imelitazama giza. Imelitazama kwa kina. Imeunda kamati ya kulitazama, na kamati imelikuta ni giza kweli! Sasa tunasema, giza basi!"

Makofi. Shembilu alipiga mpaka kofia ikamshuka machoni, akaendelea kupiga bila kuona.

Wakasoma vifungu. Vilikuwa vingi, vinasomwa mbio kama mtu anayekimbia mvua. Kifungu cha kumi na moja kilisema: pale ambapo nguzo ya taifa imefika, mashine zote za zamani zitapumzishwa kwa heshima. Shembilu akasikia neno kupumzishwa. Akakumbuka kile kifua cha bi mdogo, jinsi anavyokohoa asubuhi, akaona kumbe huko juu kuna watu wana huruma. Akapiga makofi peke yake.

Waziri akamwona. "Mzee wangu pale, mwenye kofia. Unasemaje?"

Shembilu akasimama. Miguu ilisimama yenyewe, yeye alifuata. "Mimi naunga mkono."

"Unaunga mkono kifungu gani, mzee?"

"Vyote," akasema. Akaona haitoshi, watu wanamtazama, soda bado iko nusu. "Vyote, na vingine mtakavyovikumbuka mkishafika nyumbani."

Ukumbi ulilipuka. Waziri alifuta machozi. Na yale maneno, msifikiri ni mzaha, yaliandikwa yakawa kifungu cha mwisho cha sheria: na vingine tutakavyovikumbuka tukishafika nyumbani.

Shembilu alirudi Mwagamba na kofia yake, akamsimulia mkewe mpaka mkewe akasinzia.

*

Sheria ikapita. Fedha zikatolewa za Shirika la Mwanga, fedha nyingi, zilipelekwa kwa gari lenye walinzi. Shirika likaanza kazi papo hapo. Kwanza likajenga jengo, maana shirika halikai chini ya mti. Jengo likaonekana limepoa, likatandikwa zulia. Zulia likakosa wa kulikanyaga, ikaundwa bodi. Bodi ikatembea mara moja kwa miguu ikachoka, yakanunuliwa magari. Walipofika kwenye nguzo wakatia mkono mfukoni wakakuta kitambaa cha mfuko.

Waziri akasema asivunjike mtu moyo. Wananchi watachangia mashimo. "Mashimo," alisema redioni, "ni mali asili ya taifa. Ndiyo mali pekee ambayo ukizidi kuitoa inazidi kuwa kubwa." Na Bunge likaongeza kifungu: kila shimo litakalojazwa, Shirika litapewa fedha nyingine.

Mwagamba ikapangiwa mashimo arobaini na mawili, yote membamba na kila moja kina cha mtu mzima na kiganja juu yake. Mwenyekiti wa Kamati ya Mashimo akawa nani? Mwenye kofia. Shembilu akasimamia, akapima kwa kujishusha mwenyewe ndani mpaka kofia ilingane na udongo. Kule kwenye shimo la ishirini akakwama, akavutwa na watu sita.

Mashimo yakaisha. Nguzo hazikuja. Ikapita wiki, ikapita mbili, mvua zikaanza kunukia. Mbuzi wa Mzee Chambo akatumbukia kwenye shimo la saba.

Mzee Chambo huyu alikuwa jirani yake Shembilu na mtani wake. Ndiye aliyekuwa anasimamia makaburi ya kijiji, na kwa mambo ya kuzika hapakuwa na wa kumpinga. Alimtoa mbuzi wake kwa kamba, akamfuta udongo, akaja mpaka kwa Shembilu hajasema hata hodi.

"Shembilu! Umechimba makaburi arobaini na mawili, umeyaacha wazi, unakunywa uji?"

"Si makaburi, mtani. Ni mashimo ya nguzo."

"Kina cha nani?"

"Cha mtu na kiganja."

"Mtu na kiganja!" Chambo akajishika kichwa. "Tangu lini kwetu hapa shimo la kina cha mtu likakaa wazi? Kaburi likichimbwa mwenyewe asipatikane, si tunazika mgomba? Shimo la hivyo linaita. Leo limemwita mbuzi. Limekosea jina, litarudia."

Watu wakaanza kujihesabu. Kweli, kule Mwagamba ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Mtu akifia mbali maiti isipatikane, au kaburi likichimbwa kwa habari ya uongo, shimo linazikwa mgomba, na watu wanalia kidogo, wanakula, wanarudi majumbani wametulia. Hakuna aliyetaka shimo likae likimngoja. Hata Shembilu, na kofia yake, usiku ule aliota anapimwa.

Wakazika migomba. Chambo akakataa isikatwe juujuu. "Mtu hazikwi nusu," akasema. "Ing'oeni na mizizi yake." Na kwa kuwa mashimo yalikuwa membamba, ikabidi izikwe imesimama, udongo ukashindiliwa, majani yakabaki nje yanapunga. Akina mama wakalia kiasi. Walipata shida kidogo kwa sababu hawakujua wanamlilia nani, mpaka Bi Namvua akaanzisha, "Uuuwi, umeme wetu! Umeondoka hata hatujakuona sura!" Wengine wakaitikia, wakalia vizuri sana, mwishoni wengine wakawa wanalia kweli. Zikapikwa kande. Shembilu akashukuru wote waliofika.

Mvua zikanyesha. Na mgomba uliozikwa na mizizi yake, mnajua wenyewe unafanya nini.

*

Ukapita muda, migomba imestawi safu nzima kutoka barabarani mpaka kwa Shembilu, ndipo akaja Afisa Mhesabu Mashimo. Jina lake Gwakisa, kijana nadhifu, viatu vinang'aa mpaka kuku wanajitazama. Kwa ajili ya viatu hakushuka garini. Akateremsha kioo, akatoa fomu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu." Kuitwa mwenyekiti kulimwingia Shembilu mpaka magotini.

"Fomu yangu ina maswali mawili tu, mzee. Mashimo ni tupu, au yamejazwa?"

Shembilu akajibu kwa fahari, maana hakuna jambo lililofanyika kwa utaratibu Mwagamba kama lile. "Yamejazwa yote. Tena kwa heshima."

"Yote arobaini na mawili?"

"Hakuna hata moja lililolala wazi."

Gwakisa akachungulia kwa mbali, akaona vitu virefu vimesimama kwa mstari. Akaweka alama. "Dole gumba hapa, mzee."

Shembilu akaweka dole gumba. Kwa kuona wino bado upo, akaweka na la pili.

"Hongera sana," Gwakisa akasema. "Mmepata umeme."

"Sisi?"

"Ninyi. Kifungu cha tisa. Shimo likijazwa, umeme umefika."

Shembilu akatazama migomba. Upepo ukapita, majani yakapiga makofi. "Na waya, mwanangu?"

"Waya ni awamu nyingine, mzee. Usichanganye awamu."

Hakutaka kuchanganya awamu. Akavua kofia, akaipungia gari mpaka likapotea. Alipomwambia mkewe kwamba wana umeme, Bi Namvua alikuwa anapuliza moto, moshi umemjaa machoni.

"Uko wapi?"

"Umefika."

"Basi mkaribishe ndani. Usimwache mgeni nje kwenye migomba."

*

Redio ikatangaza. Waziri akasema Mwagamba sasa inawaka, na anayepita angani anaiona. Watu wa Mwagamba wakasikiliza wakiwa wameizunguka redio ya betri, wakapiga makofi, kisha wakatazamana. Lakini ni nani amkatalie Waziri? Huenda unaonekana kwa juu tu.

Siku ya nne yakaja magari mawili. Wakashuka vijana wawili wenye adabu sana, mmoja kabeba lakiri, mmoja kabeba maua ya plastiki.

"Tumekuja kuipumzisha mashine, mzee wetu."

"Mashine gani?"

"Hii ya zamani. Kifungu cha kumi na moja. Pale nguzo ilipofika, haiwezi tena kushindana na umeme wa taifa."

"Umeme upi, wanangu? Tazameni wenyewe. Ile ni migomba!"

Kijana wa lakiri akafungua daftari. "Hapa pameandikwa shimo limejazwa. Dole gumba ni la nani?"

Shembilu akaficha mkono nyuma.

"Na hili la pili?"

Akaficha na ule mwingine.

Wakafunga mlango wa kibanda kwa mnyororo. Wakafunga na hendeli ya mashine kwa waya, wakaigonga lakiri nyekundu, wakaweka yale maua juu ya tangi la dizeli. Wakamsomea: siku tisini zikipita bila pingamizi, mashine itachukuliwa kwenda Makumbusho ya Giza, mji mkuu, ikakae kwenye kioo ili watoto waone tulikotoka. Wakamshika mkono, wakampa kofia nyingine.

Nisiwafiche, Shembilu hakulala. Asubuhi alitoka na kitambaa chake kama kawaida, akafika kwenye kibanda, akakuta mnyororo. Akasimama pale akafuta mnyororo.

Kuanzia siku hiyo Mwagamba ikarudi kwenye kinu. Kutwa nzima ni du, du, du, kila uani. Wenye nguvu walibeba debe kichwani nusu siku kupanda mlima kwenda kusaga kijiji cha juu, ambako bahati nzuri serikali ilikuwa haijawafikia. Bi Namvua alikuwa na bega bovu, alilivunja zamani kwa kuanguka na kuni, na kila akinyanyua mchi Shembilu alilisikia lile bega linalia. Akamnyang'anya mchi atwange yeye. Alitwanga kwa muda mfupi, akapata malengelenge manne na unga wa kijiko kimoja. Akina mama waliokuwa wanapita wakasimama kuangalia kama wanaangalia ngoma.

"Mwenyekiti!" mmoja akaita. "Washa basi umeme usage!"

"Msimcheke," Bi Namvua akasema. "Ameachwa na mkewe mdogo, hajazoea." Kisha watu walipopita akashusha sauti. "Baba Kiluwa. Sheria hiyo si uliiunga mkono?"

"Niliiunga."

"Uliisikia?"

"Niliisikia imepita."

"Haya. Siku tisini si nyingi. Vaa kofia yako uende ukaitengue uliyoiunga."

*

Makao makuu ya Shirika la Mwanga yalikuwa ghorofa tisa. Shembilu alizipanda kwa miguu, maana lifti ilikuwa inangoja umeme. Kule juu akamkuta mama mmoja amesogeza meza yake mpaka dirishani ili aone anachoandika. Aliitwa Bi Eliaichi, karani wa Malalamiko na Shukrani. Jalada la shukrani lilikuwa nene. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa analijaza, ndiyo kazi aliyopewa.

"Shikamoo mzee. Karibu. Unashukuru au unalalamika?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusema kwetu hakuna umeme."

Akatoa faili, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Mwagamba. Umo."

"Haumo, mwanangu. Mimi natoka huko."

"Faili linatoka huko pia, mzee, na lilitangulia." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mama mwenye uso mwema uliochoka. "Fomu ya malalamiko ina sehemu tatu. Umeme mdogo, umeme mwingi, na umeme unakuja na kuondoka. Wenu ni upi?"

"Hamna sehemu ya umeme ambao haupo?"

"Ilikuwepo. Waliiondoa, ilikuwa inajaa sana."

Shembilu akakaa. Akavua kofia, akaipapasa. Akamweleza yote, mashimo, Chambo, mbuzi, kande, madole gumba yote mawili. Alipofika kwenye bega la Bi Namvua akajifanya anatafuta kitu ndani ya kofia.

Bi Eliaichi akainuka, akafunga mlango. Akachukua ile sheria, kitabu kizito kama tofali la kuchoma, akaipekua.

"Mzee wangu. Kisheria hakuna namna ya kutokuwa na umeme. Namna ni moja tu ya kuwa nao halafu ukakatwa. Kijiji kikikatiwa, mashine inafunguliwa siku hiyohiyo. Kifungu cha ishirini."

"Basi nikatie!"

"Hatukatii anayeomba. Anayeomba tunamshauri atulie. Tunamkatia mkosaji." Akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Kuanika nguo kwenye nguzo, onyo. Kubandika tangazo la mganga, onyo. Kuitukana nguzo, onyo la pili." Kidole kikasimama. "Kufunga mnyama kwenye nguzo ya taifa. Hapo hakuna onyo. Kijiji kizima kinakatwa."

Wakatazamana.

"Mnyama wa aina gani?" Shembilu akauliza.

"Haijasema. Ila mbuzi ametajwa kwenye mfano."

*

Siku ya themanini na mbili Shembilu alimwendea Chambo.

"Mtani, nipe mbuzi wako nimfunge kwenye mgomba."

"Yule aliyetumbukia? Hana bahati na hiyo miradi yenu."

"Safari hii atatuokoa."

Chambo akamtazama juu mpaka chini, akaona hatanii. Akamleta mbuzi. Wakamfunga kwenye mgomba wa kwanza, ule wa barabarani, Shembilu akatuma habari kwa Shirika kwamba kijiji chake kimevunja sheria vibaya sana na kinaona aibu. Mbuzi naye, katika kungoja, akala majani ya mgomba wa kwanza mpaka ukabaki gongo. Chambo akasema sasa angalau unafanana na nguzo.

Siku ya themanini na tano, hakuna mtu. Ya themanini na saba, hakuna mtu. Gari la Makumbusho lilishaonekana kijiji cha chini linauliza njia. Shembilu akawa anakaa barabarani kutwa ameshika kamba ya mbuzi, na kila pikipiki ikipita anamsogeza mbuzi aonekane.

Siku ya themanini na tisa, jua la saa nne, akaja Fundi Mkataji. Mtu mfupi, mkanda wa ngozi kiunoni, kofia ngumu, glovu mpaka viwikoni, ngazi begani. Akasimama. Akatazama mbuzi, akatazama safu yote mpaka mwisho. Wakati huo migomba ilikuwa imebeba. Kila mmoja unaning'iniza mkungu mkubwa, mwingine umeanza kupiga njano.

Kijiji kizima kilikuwa nyuma ya Shembilu, kimya. Hata vinu vilinyamaza.

"Hizi ndizo nguzo?" fundi akauliza.

Shembilu akapima maneno. Akisema ndiyo, ni uongo. Akisema hapana, bi mdogo anakwenda kukaa kwenye kioo. Akasema, "Ndizo zilizoandikwa, mwanangu."

Fundi akasoma karatasi yake mara mbili, kama anayetafuta pa kutokea. "Hapa pameandikwa nipande kwenye kila nguzo, nikate kinachoning'inia."

"Basi kinaning'inia," Chambo akasema.

Fundi akakaza glovu. Akaegemeza ngazi. Akapanda mgomba wa kwanza ulioliwa majani na mbuzi, akaukata mkungu uliosalia, akateremka, akaandika. Umekatwa. Akahamia wa pili. Hakuruka hata mmoja, na kila akipanda alikuwa anapaza sauti, "Hatari! Kaeni mbali!" na watu walikuwa wanakaa mbali, maana ni sheria. Alipofika wa arobaini na mbili jasho lilikuwa linamtiririka mpaka ndani ya buti. Akashuka, akavua kofia ngumu.

"Mwenyekiti. Kuanzia sasa Mwagamba haina umeme. Pole sana."

Jamani. Vigelegele vilivyopigwa! Hata arusi ya mtoto wa Chambo haikupata vile. Watu wakakumbatiana kwa kukosa umeme. Bi Namvua alimkumbatia fundi na mkanda wake. Fundi alikuwa hajawahi kukata umeme akashukuriwa, alizoea kukimbizwa na mawe, akasimama pale hajui mikono aiweke wapi.

Mikungu yote arobaini na miwili ikapakiwa garini, kwa kuwa kilichokatwa ni mali ya Shirika. Kisha fundi akakata mnyororo, akabandua lakiri.

Shembilu aliingia kibandani peke yake. Akayatoa yale maua ya plastiki. Akaona kizibo cha tangi kimepotea, wale vijana walikitupa walipoweka maua, akavua kofia nyeupe ya mwaka ule akaikunja, akaliziba nayo tangi. Ilikaa kama ilipimwa. Akashika hendeli kwa malengelenge yake. Akazungusha. Kimya. Akazungusha tena, ikakohoa. Ikakohoa mara ya pili. Nje watu hawapumui. Ikakohoa ya tatu, ikatema moshi mweusi mzito ukamfunika uso mzima, na ikanguruma.

Alitoka meupe ni meno tu. Bi Namvua alikuwa wa kwanza mlangoni, debe la mahindi begani, lile bega zima.

"Mwenzangu amerudi?"

"Amerudi."

"Mwambie aanze na langu. Mimi ndiye mkubwa."

*

Zile ndizi zilifika makao makuu. Bodi ikaketi kwenye zulia ikala, ikaandika katika taarifa ya mwaka kwamba kwa mara ya kwanza tangu kuundwa kwake Shirika limezalisha, na ladha ni nzuri. Waziri akaisoma taarifa akaguswa. Akasema kijiji kama kile hakiwezi kuachwa gizani. Sheria ikarudishwa Bungeni kutiwa vifungu vipya, na kwa kuwa sheria haipiti bila maoni, gari likaja tena Mwagamba kumchukua mdau wa nishati.

Bi Namvua hakumzuia. Alimjua. Alimpa tu mfuko wa unga uliotoka mashineni wakati uleule, kilo kumi, bado wa moto. "Shika hivi," akasema, "kwa mikono miwili, kifuani. Usiuweke chini mpaka urudi. Wakikupa kofia, waambie wakuvishe." Na Chambo akatumwa aende naye kuhakikisha.

Ukumbi ulikuwa uleule, kiti kilekile cha egemeo. Waziri akasema giza basi. Vifungu vikasomwa mbio. Kila mtu akapiga makofi. Shembilu akaukumbatia unga, joto lake linamwingia tumboni, mikono haina nafasi.

Waziri akanyoosha shingo. "Mbona mzee wangu yule leo hapigi makofi?"

Chambo akajibu kwa sauti, "Msamehe, Mheshimiwa. Anabembeleza mkewe mdogo."

Watu wakacheka, vifungu vikaendelea. Shembilu akashusha pumzi, akaona leo ameshinda. Mpaka Chambo alipomgusa kiwiko, akamwonyesha chini kwa macho. Kule chini ya kiti mguu wake wa kulia ulikuwa unagonga sakafu, pa, pa, pa, unaunga mkono.